Picha ya Alhamisi Iliyopigwa Jumatano

Jumatatu, 9 Julai 1984. Moroni.

Picha ya leo ilitundikwa dukani kwa Echat kabla hajaanza kupima sukari. Jani la mti wa mkungu, tundu la kiwavi katikati, jua limepita kwenye tundu. Kazi safi. Mdahoma alikuja, akaitazama, akauliza kama kiwavi analipwa au anajitolea.

Niandike mambo yalivyoanza, maana siku moja watu watataka kujua. Mdahoma ana studio. Ndani ya studio ana pazia lililochorwa maporomoko ya maji na swala, mnyama ambaye hayupo katika visiwa vyetu hata kimoja. Mbele ya pazia ana maua ya plastiki. Mji mzima hupigwa picha hapo, kisha huzitundika sebuleni na kuona fahari. Nilisema dukani, mbele ya watu, kwamba mtu huyu ameufundisha mji kuupa mgongo ulimwengu wa Mungu. Akajibu kwamba katika mambo yote ninayoanzisha, ninachomaliza ni chai tu. Ndipo nikatangaza. Julai nzima, kila siku picha moja ya bustani ya umma iliyo nyuma ya Msikiti wa Ijumaa wa zamani, imepigwa siku hiyohiyo, tarehe chini yake. Nikikosa siku moja nitasimama mbele ya pazia lake, maua ya plastiki mkononi.

Zamani niliandika vijikaratasi vya siasa. Mamluki walipoingia kwa bahari mwaka sabini na nane, mmoja wao mwenye masharubu alinishauri, kwa upole kabisa, niandike juu ya miti. Sasa napiga picha za miti. Asije mtu akasema sishauriki.

Shajara naiandika kwa Kiswahili, nilichokulia Unguja. Mke wangu, ambaye jina lake ni Hayati ingawa yu hai kabisa, hakisomi. Kwetu nyumba ni ya mke, na hii ni yake tangu msingi hadi bati. Angalau lugha iwe yangu.

Jumanne, 10 Julai.

Picha ya ndege chozi kwenye ua jekundu. Ndege ametoka na ukungu kidogo. Nimesema ni mwendo.

Habari mbaya kutoka Mutsamudu, kisiwani Ndzuwani. Mfanyabiashara mmoja wa karafuu kashuka na maneno. Bwana Housseini wa mtaa wa Hombo kulekule, tajiri na msomi, hukusanya watu barazani kwake kila Alhamisi baada ya Alasiri. Wiki iliyopita alisema kwamba bustani ya Moroni ni uwanja wa kuanikia samaki uliobahatika kuota mti. Watu walicheka. Na mimi sikuwepo.

Lazima niende. Nilimweleza Hayati kwamba mtu asiyejibu hoja amekubali. Akasema yeye hajanijibu miaka yote ya ndoa yetu na hajakubali hata moja.

Lakini kwenda Ndzuwani na kurudi ni siku kadhaa. Na Mdahoma anasubiri na pazia lake.

Nimetembea uani mpaka kuku wamechoka kunikimbia. Kisha nimepata njia. Mnajimu hutangaza kupatwa kwa mwezi kabla hakujatokea, na hakuna anayemwita mwongo. Bustani ya Alhamisi itakuwepo Alhamisi. Mti utakuwa palepale. Nikiipiga picha siku moja mapema, nimemdhulumu nani? Kesho alfajiri nitapiga ya Jumatano, ya Alhamisi, ya Ijumaa na ya Jumamosi. Kifalsafa sioni kasoro.

Jumatano, 11 Julai.

Nilifika bustanini imamu akiwa bado kwenye nyiradi. Ya Jumatano: shina la mkungu. Kwa ya Ijumaa nilinyunyiza majani kwa birika la Hayati, ionekane mvua imepita. Kwa ya Jumamosi nilimwazima mbuzi wa jirani. Mbuzi alikula sehemu ya mandhari.

Ya Alhamisi ilinisumbua. Nilitaka benchi tupu, lakini Ousseni muuza vitambaa alikuwa amekaa juu yake, kama anavyokaa kila siku baada ya sala ya alfajiri, tasbihi mkononi, anatazama bahari. Nikamsubiri aondoke. Hakuondoka. Uso wake wa upande una utulivu fulani, unaipa picha kina. Nikapiga. Hakusikia hata mlio wa kamera.

Picha nimezisafisha stoo kwa Hayati, mlango umezibwa kwa blanketi. Aligonga kudai vitunguu vyake. Nikamwambia mwanga ukiingia utaua siku nne. Akasema vitunguu vikikosekana kitauawa chakula cha mchana. Mwisho nilimkabidhi picha zote, tarehe nimeziandika chini, atundike moja kila asubuhi. Akasema atazitundika kama anavyoanika nguo zangu, bila kuuliza zimetoka wapi.

Bandarini Moroni kila mtu ananijua. Basi nimekuja kijiji cha Vouvouni kwa miguu. Kuna mashua inayopeleka mbuzi. Nahodha anasema mbuzi hulipiwa zaidi, kwa hiyo ndio watakaokaa kivulini.

Alhamisi, 12 Julai. Mutsamudu.

Nimefika nikinuka zizi. Gatini palikuwa na mamluki wawili wa Kizungu, bunduki begani, wanapekua mizigo. Mmoja akaishika kamera yangu, akaniuliza napiga picha za nini. Nikasema majani. Akamtazama mwenzake, wakacheka, akanirudishia na kunipiga bega. Sikukamatwa, sikuhojiwa, sikuandikwa popote. Kwa mtu aliyeandika niliyoyaandika mimi, ni tusi kubwa.

Baada ya Alasiri nilipanda Hombo. Bwana Housseini alinipokea mlangoni kwa mikono miwili, akaniketisha pahala pa wageni, akaniletea chai na mkate wa mayai. Nikazitoa picha zangu. Nikazungumza juu ya mwanga, juu ya wanazuoni wa Basra walioupima kabla Ulaya haijajua kioo, juu ya wajibu wa mji kwa mti wake. Nikasema kamera ndiyo shahidi pekee duniani asiye na ukoo, asiye na shemeji, asiyekula pilau ya mtu. Nikamngoja ajibu.

Akasema nimesema kweli tupu. Akasema alikosea, bustani ya Moroni ni nzuri sana. Akaniongezea mkate.

Sijawahi kudharauliwa kiasi hicho. Nimevuka bahari na mbuzi kwa ajili ya mtu anayekubali.

Nilipokuwa nashuka, nikapita mbele ya hospitali. Juu ya ukuta wa langoni ameketi Ousseni. Ousseni wa benchi, Ousseni wa Moroni, anamenya chungwa, ganda linaning'inia kama utepe. Nikakumbuka Echat alivyosema kwamba mjomba wa Ousseni kalazwa Hombo. Kumbe jana, baada ya kukaa kwenye benchi langu, alidandia chombo cha saruji akaja kumwona.

Akiniona, Moroni itajua nilikuwa hapa. Nikajibanza nyuma ya mshelisheli. Mama mmoja akipita na beseni akaniuliza, baba, umepoteza nini huko? Nikasema naangalia majani. Akasema yako na juu pia. Ousseni alikula chungwa lote taratibu, akanawa, akarudi ndani kwa mjomba wake. Hakuniona.

Nimeponea chupuchupu. Mpango umefaulu kila upande.

Jumamosi, 14 Julai. Moroni.

Mpango haukufaulu kila upande.

Hayati alinipokea uani akaniambia nivue nguo hukohuko. Kisha akanieleza, akitwanga, bila kuinua macho.

Alhamisi asubuhi alitundika picha kama nilivyomwagiza. Moina, mke wa Ousseni, alikuja kununua mafuta. Akamwona mumewe ukutani, kwenye benchi, tarehe kumi na mbili Julai. Mumewe aliyemuaga Jumatano kwenda kumwona mjomba mgonjwa Ndzuwani. Echat akajaribu kusema labda ni mtu mwingine. Moina akasema kanzu hiyo ameishona yeye.

Ousseni alirudi jana kwa chombo kilekile cha saruji, akampa mkewe machungwa na salamu za mjomba. Moina akampa salamu za bustani. Akamuuliza analala kwa mwanamke gani wa hapahapa mjini. Ousseni ni mtu mpole, na wapole wakiudhiwa hawajui pa kusimama. Alisema mbele ya kaka zake Moina: kama Alhamisi nilikuwa Moroni, basi wewe umeachika talaka tatu.

Basi. Picha inasema alikuwa Moroni. Kama picha ni kweli, Moina si mke wake tena. Moina hataki kuachika. Amelia siku nzima. Lakini hawezi kulala na mwanamume ambaye pengine si mumewe. Sanduku la Ousseni limewekwa kizingitini. Amerudi nalo nyumbani kwa mama yake, yeye mtu mwenye mvi, ametandikiwa mkeka karibu na jiko.

Mashahidi hana. Chombo cha saruji kimeshapita kwenda kisiwa cha Mwali. Mjomba hawezi kuinuka kitandani. Alionyesha tikiti, kaka zake Moina wakasema tikiti ni ushahidi wa kununua tikiti.

Katika Moroni nzima anayejua kwa macho yake kwamba Ousseni alikuwa Hombo siku hiyo ni mtu mmoja.

Hayati akaacha kutwanga. Akasema, Moina tulicheza naye, tulisoma chuo cha Kurani pamoja. Nyumba hii ni yangu, uongo ni wako, uutoe nje.

Nikamwambia nitafikiri njia. Akasema njia ipo, inaitwa mdomo, na mimi ninao.

Jumapili, 15 Julai.

Picha: jiwe. Sina moyo wa mimea.

Nimefikiri. Kukiri maana yake ni pazia na maua ya plastiki. Kukiri pia maana yake ni kumpa ushindi Fundi Ahamada, mwalimu wetu wa dini na mwamuzi wa mashauri, ambaye tangu mwaka juzi tunabishana, yeye akisema picha si shahidi kwa sababu haiwezi kuapishwa, mimi nikisema ndiyo sababu haiwezi kuapa uongo. Mtu hawezi kubomoa hoja ya miaka miwili kwa sababu ya mkeka mmoja.

Nilikwenda kumwona Ousseni. Mama yake alikuwa anamlisha uji na kumlaumu. Akaniuliza, Ousseni mwenyewe, kama kamera inaweza kukosea siku. Nikamwambia kamera haikosei. Akatikisa kichwa, akasema basi labda alikuwa sehemu mbili, Mungu ni mweza. Akanishukuru kwa kuja. Uji wake ulikuwa umepoa.

Nikatoka na njia mpya. Pacha! Soidri mchukuzi, ukimtazama kwa nyuma na jua likiwa machoni, anafanana na Ousseni. Nikamshawishi aseme kwamba mtu wa kwenye benchi ni yeye. Nikamvisha kofia na kanzu, nikamketisha pale bustanini mji uone. Mji ukaona. Watoto waliuliza kwa nini Soidri amevaa kanzu ya mtu mrefu. Mdahoma akapita, akasema Soidri akija studio na uso huo wa kuazima atampa punguzo.

Kisha mke wa Soidri akaja. Alitaka kujua: kama Alhamisi alfajiri alikuwa anakaa bustanini kutazama bahari, mbona yeye aliambiwa yuko gatini anapakua mchele?

Soidri naye amelala kwa mama yake. Sasa nyumba mbili zinatikisika.

Hayati ameniwekea chakula bila kuketi nami. Samaki alikuwa mzima, pilipili ilikuwepo, kila kitu kilikuwepo. Isipokuwa yeye.

Jumatatu, 16 Julai.

Niandike siku hii vizuri.

Baada ya Alasiri shauri liliitwa uwanjani, kwenye bangwe. Kwa anayesoma haya bila kutujua: kwetu mtu asiyefanya harusi kubwa, ile ya ng'ombe na dhahabu na kulisha mji, hahesabiwi mtu mzima. Anabaki mtoto wa mji hata akiota mvi. Watu wazima hukaa kwenye mabenchi ya mawe na kusema. Watoto wa mji husimama nyuma na kusikiliza. Mimi na Hayati tulioana kwa sahani ya halua na Fatiha. Nimesoma vitabu ambavyo mabenchi yale yote hayawezi kuvibeba, na tangu nirudi kutoka Unguja sijaruhusiwa kusema neno moja uwanjani. Nimesimama nyuma. Pembeni yangu wavulana wanatafuna karanga.

Fundi Ahamada alifungua kwa dua. Kaka zake Moina wakaleta picha yangu. Ousseni akasimama, akasema alikuwa Hombo, sauti haikufika mbali. Moina alikuwa na wanawake kwenye baraza ya jirani, buibui limefunika hadi macho.

Fundi akaishika picha kwa vidole viwili, akasema kitu hiki hakina ulimi, hakiswali, hakiulizwi na hakijibu. Damu ikanipanda. Mdahoma, ambaye kaoza binti kwa kishindo na ana benchi lake, akasema kwa utaalamu wake kamera hudanganya pale tu mwenyewe akidanganya. Ikanipanda zaidi. Mzee mmoja akasema lakini tarehe imeandikwa. Mwingine akasema hata kwenye gunia la mchele huandikwa kilo.

Kisha Fundi akainua uso. Akauliza, yupo mtu yeyote aliyemwona Ousseni Ndzuwani siku ya Alhamisi? Mwenye kumwona na aseme.

Wavulana wakaacha kutafuna karanga.

Nataka nieleze kimya kile. Uwanja wote wa Moroni, mabenchi yamejaa, masikio yote yako wazi, na hakuna anayesema. Nafasi ya kusema imelala pale katikati kama sahani ya pilau isiyo na mtu. Nilijiambia nibaki nyuma. Nilimtazama Ousseni, ameinamisha kichwa, anahesabu tasbihi. Nilitazama baraza ya wanawake. Miguu ilikuwa imeshaanza kwenda.

Mzee wa benchi la mbele akanikemea, we Mouzaoir, mwana wa mji, rudi nyuma, huna neno hapa. Fundi akasema, shahidi ana neno. Nikamwomba alirudie. Akalirudia.

Nikasema.

Nilianza na asili ya mwanga. Nikaja kwenye jicho la mwanadamu na udhaifu wake. Nikagusa hali ya bustani, uzembe wa mji, mapazia yaliyochorwa swala. Nikaeleza kwamba watu wanaoambiwa wapige picha za majani tu, mwisho watashindwa kuona hata mti, na hapo gari la mamluki likapita barabara ya pwani taratibu, mabenchi yakakohoa kwa pamoja, nikahamia kwenye ndege. Fundi akauliza, shahidi, ulimwona au hukumwona? Nikamwambia naja. Nikaeleza safari na mbuzi. Nikaeleza hoja zangu kwa Bwana Housseini, zote, kwa utaratibu wake. Na nilipokuwa nathibitisha kwamba nilifika Hombo kwa hakika na si kwa kusimuliwa, nikasema palepale nilimwona Ousseni juu ya ukuta wa hospitali anamenya chungwa, ganda halikukatika hata mara moja, na picha ya Alhamisi niliipiga Jumatano.

Kicheko kilianzia kwa wavulana wa karanga.

Mdahoma alisimama, akakaa, akasimama tena. Nikainua mkono kumwonyesha kwamba sijamaliza. Fundi akasema nimemaliza. Akasema mwenye picha amebatilisha picha yake, hakuna kilichobaki dhidi ya neno la mume, sharti la talaka halikutimia, Moina ni mke. Akaongeza, akinitazama, kwamba leo Bwana Mouzaoir ametuthibitishia kwa urefu kwamba picha si shahidi, na Mungu amlipe.

Moina hakungoja dua. Alitoka barazani, akavuka uwanja mbele ya wanaume wote, jambo ambalo mwanamke wa heshima hafanyi, akamshika Ousseni mkono wa kanzu. Akamwambia, twende, uji wa mama yako umekukondesha. Wakapita kwa mama mtu, akalibeba sanduku mwenyewe.

Nilikuwa na mengi juu ya vivuli ambayo sikuyafikia.

Ijumaa, 20 Julai.

Siku tulivu. Soidri kasamehewa, mke wake alikuwa uwanjani, akacheka mpaka akakaa chini. Moina ameleta sahani ya ndizi za nazi kwa Hayati. Akaniangalia, akasema, shemeji, hizi zimepikwa leo. Hayati amekula nami. Alisema nilifanya jambo jema. Nikamuuliza alipendezwa na sehemu gani ya hotuba. Akasema ile ya chungwa. Wanawake hukamata vitu vidogo.

Nilikwenda studio nikasimama mbele ya pazia. Mdahoma alinipa maua, akaniambia nitabasamu kama mwenye kufikiri. Mji umeitazama picha hiyo dukani zaidi ya zangu zote. Inaonyesha hali ya elimu ilivyo.

Nimetafakari kwa makini kosa lilikuwa wapi, kwa sababu mtu asiyejifunza ni mnyama. Nimeliona. Kosa lilikuwa binadamu. Asili yenyewe haiwezi kumsaliti mpiga picha. Anayemsaliti ni mtu aliyekaa juu yake.

Nasema hivi kwa sababu Bwana Housseini ameleta salamu. Amesikia hotuba yangu ya uwanjani ilivyosimuliwa, na anasema anakubaliana nayo yote. Yote! Hili haliwezi kuachwa. Mashua ya mbuzi inaondoka Vouvouni kesho, na kwa kuwa Mdahoma nimeshamtangazia shindano jipya la siku zilizobaki za mwezi, asubuhi hii nimepiga picha za kesho mpaka Jumatano. Nimekagua kila moja kwa kioo cha kukuzia. Hakuna mtu, hakuna mkono, hakuna kivuli cha mtu. Mkungu mtupu, na juu yake bendera na taa za harusi ya leo, zimefungwa tawi hadi tawi. Watazishusha usiku huuhuu. Lakini zimeipa bustani uchangamfu, nikaziacha katika picha zote.